Siku Gitaa la Bok Lilipokoroma

Kwa zaidi ya miaka ishirini tulikuwa watu watatu katika lori moja: Dada Tsu akiimba, Kaka Bok akipiga gitaa, na mimi kwenye kinanda. Jina langu halisi halikutumika. Wote waliniita Bonge, na ukiniona hutauliza kwa nini. Kazi yetu ilikuwa kutumbuiza kwenye karamu za barabarani, za harusi na za siku za miungu, kuanzia kwetu Budai, mji wa pwani, mpaka miji jirani ya Puzi na Yizhu. Ulipolikuta turubai la mistari myekundu na myeupe limefunga njia, meza za mviringo zimejaa chini yake na wapishi wanapigana na majiko ya gesi pembeni, ulijua lori letu liko karibu. Ubavu wake ulifunguka ukawa jukwaa, taa zikawaka hata kama ni saa sita mchana, na Dada Tsu akapanda na viatu vyake vya kumetameta kama malkia anayerudi kwake.

Asubuhi Dada Tsu alikuwa muuza uji wa wali na samaki karibu na soko la samaki. Mumewe alikufa zamani. Bok alitengeneza injini za mashua, mtu mrefu, mwembamba, meno mekundu kwa kutafuna popoo, na maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kijiko. Mkewe alishamwacha akahamia Taichung. Watu walisema mengi kuhusu Bok na Dada Tsu. Mimi niliyekaa nao kwenye lori nasema nilichokiona: Bok alimbebea viatu vyake, alimfungulia chupa ya maji ya uvuguvugu kabla hajaomba, na hakuwahi kumwambia lolote.

Kulikuwa na wimbo. Bok aliutunga akiwa kijana, enzi za mashamba ya chumvi, akauita "Taa ya Ghala la Chumvi." Dada Tsu alifunga nao kila karamu. Zamani Bok aliupiga kwa kupitia kisanduku cha mwangwi, kile cha mkanda unaozunguka, na kila noti ilirudi nyuma yake taratibu kama mtu anayetembea kwenye ghala tupu. Kisha kikaja kimbunga, mafuriko yakaingia nyumbani kwa Bok, na kisanduku kikafa. Tangu hapo wimbo uliendelea kupigwa, ila yeye mwenyewe hakuupenda tena. "Uko uchi," alisema.

Basi mwaka mmoja Dada Tsu akavimba shingo. Mwanzo tulidhani ni mafua. Halafu noti za juu zikaanza kumkatalia, akawa anazishusha au ananitupia macho nizifunike kwa kinanda. Daktari wa mjini Chiayi alimweleza bila kuficha: uvimbe umekaa jirani na mshipa wa sauti, lazima utolewe. Sauti ya kuongea ingerudi kwa kiasi fulani. Ya kuimba asiitegemee.

Alitupasha habari hizo dukani kwake, huku anafuta meza.

"Kwa hiyo harusi ya Yi-chen ndiyo ya mwisho," alisema. Yi-chen alikuwa binti wa kaka yake. "Nikishamwoza huyo, naingia hospitali. Na msinililie hapa. Wewe Bonge hasa, ukilia unatoa kamasi kama mtoto."

"Mimi nalia?" nikasema, na kweli nilikuwa nimeanza.

Bok alitema popoo kwenye kikombe cha karatasi, akainuka, akaacha uji wake katikati. Kesho yake alipanda basi kwenda Chiayi, akarudi na boksi kubwa kifuani.

Ndani mlikuwa na moja ya zile mashine za gitaa za kuwekwa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu. Ina vitufe vya kukanyaga, ina kiskrini, na tumboni mwake mna kila aina ya sauti: mwangwi, mikwaruzo, mawimbi, hata sauti za amplifaya za kila namna, bila kuwa na amplifaya yenyewe. Fundi wa injini alikaa nayo wiki mbili. Jirani yake alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo alipiga kwa hedifoni tu, kainama sakafuni, akizungusha vidude kwa vidole vyenye grisi.

Siku moja aliniita, akanivika hedifoni. "Sikiliza."

Nilifumba macho. Ilikuwa sauti ile ile ya kisanduku kilichokufa, na pengine nzuri zaidi. Noti ilitoka, ikaenda, ikarudi imechoka kidogo. Nilipofumbua macho Bok alikuwa ananitazama kama mtoto anayengojea pipi.

"Kaka, umekifufua!"

"Usimwambie Dada Tsu. Nataka aisikie palepale, siku ile."

Sijawahi kumwona na furaha vile, kabla wala baada.

Harusi ilikuwa ya mchana. Tulitoka mapema, lakini njiani tukakutana na msafara wa hekalu, miungu kwenye viti vyao, ngoma na fataki, na barabara nzima ikasimama. Mpaka tunafika, wageni walishaanza kukaa na sahani za kwanza zilikuwa mezani. Tulifungua jukwaa mbiombio. Sikumbuki hata kama tulijaribu sauti. Bok alichomeka gitaa kwenye mashine yake mpya, na mashine akaichomeka kwenye amplifaya yake kuukuu aliyoipenda kuliko pikipiki yake, na papo hapo mshereheshaji akatutangaza.

Akapiga kodi ya kwanza, nyuzi zote kwa pamoja.

Nilidhani jiko la mpishi limelipuka. Sauti ilikuwa nzito, imeziba, haina uso, kama mtu anayekoroma ndani ya pipa la maji. Juu yake kulikuwa na mngurumo wa nyuki, na ule mwangwi mzuri wa hedifonini uligeuka tope, noti zikikanyagana. Dada Tsu aligeuka kidogo tu, akacheka na wageni, akaingia kwenye wimbo. Alikuwa mtu wa kazi. Lakini mjomba wa bwana harusi, mwenye glasi mkononi, akapaza sauti:

"Oya, gitaa hilo lina mafua! Mpeni tangawizi!"

Meza tatu zikacheka. Kijasho kilimtoka Bok.

Alianza na waya. Katikati ya wimbo alichomoa, akaweka mwingine, pakatoka mlio kama risasi, watoto wakaziba masikio. Koromo likabaki. Akafuata adapta ya umeme, akagundua imechomekwa pamoja na taa za jukwaa na jokofu la wapishi. Akaihamisha. Nyuki wakapungua, ila pipa lilibaki pipa. Akaongeza sauti nyembamba ili kupasua ule uzito, ikawa inachoma kama sindano. Akawasha kile kitufe kinachonyamazisha kelele, nacho kikakata kila noti mkia kabla haijafika mwisho. Kila alipogusa kitu, kingine kiliharibika, na kila kilipoharibika aliinama zaidi.

Nilimwegemea bila kuacha kinanda. "Kaka! Liache hilo! Chomeka gitaa kavu kwenye amplifaya!"

"Halafu mwangwi utoke wapi? Kooni kwako?"

"Watu hawataki mwangwi, wanataka wimbo!"

"Yeye anautaka," akasema, bila kuinua kichwa.

Kumbe hakuwahi kumwuliza.

Baada ya wimbo wa tatu, wapishi walileta wali wa kunata wenye nyama ya kaa, na wageni wakageukia sahani. Dada Tsu alikuja nyuma ya jukwaa. Safari hii alijifungulia chupa yake ya maji mwenyewe. Nilimwona akimeza kwa shida.

"Bok. Kuna nini?"

"Kitu kidogo tu. Nakaribia kukipata."

"Nimebakiza wimbo mmoja kooni. Nausikia kabisa, ni mmoja tu. Tupige wetu, tupige kavu, tumalize."

"Dakika moja, Dada. Nimekuandalia kitu. Ukikisikia utaelewa."

"Mimi sina hiyo dakika." Akamgusa bega. "Basi fanya hivi. Lolote litakalotoka, litoke. Wewe niangalie mimi, usiangalie hilo dude. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akapanda. Safari hii hakuwachangamsha wageni, hakumtania bwana harusi. Alisema tu kwamba wimbo huu umetungwa na mtu wa hapahapa Budai, akanyoosha mkono kumwonyesha. Watu wakapiga makofi. Mtu mwenyewe alikuwa kapiga magoti, mgongo kwao, pua kwenye kiskrini.

Dada Tsu alingoja kidogo. Kisha akaanza peke yake. Nikamwekea kodi chache chini, nyepesi, maana nilihofu kumzidi. Na hapo, jamani, sauti ile ilirudi. Wapishi walizima majiko mawili, sijui kama ni kwa makusudi. Mama wa Yi-chen alishika kijiti cha kulia chakula hewani asijue afanye nacho nini. Noti za juu ambazo mwezi mzima zilimkatalia, siku ile zilikubali, zenye ufa kidogo, na ule ufa ndio uliouma. Mara mbili alitazama upande wa Bok. Mara mbili nilitaka kumpiga teke huyo bwana, lakini kinanda kilikuwa kati yetu.

Wimbo ule una ubeti wa mwisho unaopanda taratibu, halafu mstari mmoja unashuka, na pale ndipo mwenye ghala anapozima taa. Dada Tsu alipanda. Alivuta pumzi ya kushuka.

Bok akakanyaga kitufe.

Amplifaya ilipiga yowe. Siwezi kulieleza vizuri, lilikuwa yowe refu, kali, lililopanda lenyewe na kujilisha lenyewe. Glasi zilitetemeka. Mtoto akalia. Bok alirukia swichi na kuzima kila kitu. Dada Tsu alikuwa amesimama mdomo wazi, mkono shingoni. Alijaribu kuushika tena ule mstari. Ilitoka hewa.

Kisha akacheka.

"Haya! Hata gitaa limelia! Bibi harusi, njoo uchukue maikrofoni kabla halijatoa machozi!"

Watu waliangua kicheko, fataki zikapigwa, supu ikaletwa. Kwao ulikuwa mzaha mzuri wa kufunga burudani. Nadhani sisi watatu tu ndio tuliojua kilichotokea.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Bok alimfuata. "Dada..."

"Bonge," Dada Tsu akaniita mimi, "nifungie ule wali uliobaki." Nikamfungia kwenye mfuko. Kaka yake akamchukua kwenye gari, naye Dada Tsu akaondoka bila kuvaa viatu vyake vya kumetameta. Bok ndiye aliyeviokota.

Operesheni ilikwenda kama daktari alivyosema. Dada Tsu alipona, na sauti ya kuimba ikaenda zake.

Bok hakwenda hospitali. Alijifungia na mashine ile. Nilipofika kwake mchana mmoja nilimkuta ameifanyia kama anavyofanya injini: anaanza mwanzo, kitu kimoja kimoja. Gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, sauti safi. Kwa hiyo gitaa zima, waya mzima, amplifaya nzima. Akaweka mashine katikati, akazima mapambo yake yote, mwangwi, mawimbi, mikwaruzo, kila kitu. Koromo likarudi. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye mwangwi aliokuwa anahangaika nao jukwaani. Akaacha kuzungusha vidude, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya jumla, ambao hakuwahi kuufungua.

"Njoo uone," aliniambia.

Mashine ilikuwa inauliza: sauti inakwenda wapi? Jibu lililokuwepo lilikuwa la hedifoni. Mtu akisikiliza kwa hedifoni, mashine inalazimika kuigiza amplifaya nzima pamoja na spika yake, ndiyo maana chumbani ilikuwa tamu. Kule harusini Bok aliipeleka sauti hiyo kwenye amplifaya ya kweli yenye spika ya kweli. Ikawa spika ndani ya spika, ndiyo koromo. Naye kwa kuwa noti hazikusikika vizuri, akazidi kuongeza nguvu, na ule mwangwi uliopimwa kwa masikio mawili ukafurika barabarani, mpaka vyote viwili vikazaa yowe.

Alibadilisha jibu, kutoka hedifoni kwenda amplifaya. Akapunguza mwangwi nusu. Akapiga mwanzo wa "Taa ya Ghala la Chumvi."

Ilikuwa ile ile. Nywele zilinisimama. Alipiga mpaka pale ambapo sauti ya mwimbaji inapaswa kuingia, akazishika nyuzi kwa kiganja.

"Neno moja, Bonge. Neno moja kwenye kiskrini."

"Ungejuaje, Kaka?"

"Ningeijaribu na amplifaya hata mara moja kabla ya siku ile. Jirani angevumilia." Akafuta uso kwa mkono wenye grisi. "Na wewe uliniambia nichomeke kavu."

Ni kweli nilimwambia.

Dada Tsu aliporudi nyumbani, tulikwenda kwake pamoja. Bok alibeba gitaa na mashine, mimi nikabeba amplifaya, na viatu vimefungwa kwenye gazeti. Alitupokea na kitambaa shingoni. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo wa pumzi, ikabidi tusogee karibu ili tuisikie.

Bok aliongea. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliongea mfululizo. Alieleza hedifoni, alieleza spika ndani ya spika, alieleza ukurasa wa mipangilio. Dada Tsu alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi sikuulizi habari za spika." Akapumzika kidogo, akaendelea. "Nilikuambia uniangalie."

Bok akatazama sakafu, halafu nadhani akajishtukia, akainua macho.

"Nilitaka kukupa ule mwangwi wa zamani."

"Niliuomba?"

"Hukuuomba."

"Ulikuwa wako. Mimi nilikuwa nataka nimwone aliyetunga wimbo wakati naumalizia. Nilitazama mara mbili, nikaona mgongo. Mara mbili, Bok."

"Nisamehe, Dada."

Dada Tsu alimmiminia chai. Bok alipofuta macho kwa ukingo wa shati, alimsukumia boksi la karatasi laini bila kumtazama.

"Sasa hivi inalia vizuri," Bok alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Nikupigie? Kidogo tu."

"Leo hapana."

Tukarudisha vitu kwenye lori. Dada Tsu hakuomba apigiwe siku nyingine, na Bok hakuthubutu kuuliza tena.

Tulipata mwimbaji mwingine, mwanamke wa Yizhu, mwenye sauti ya kutosha na utani wa kutosha. Kazi iliendelea. Sauti ya gitaa la Bok sasa inasifiwa mpaka Puzi, na wapiga gitaa wa malori mengine huja kumwuliza siri yake. Huwaambia yale yale: zima kila kitu uanze upya, jaribu kwa sauti kubwa na amplifaya utakayotumia, ujue sauti yako inakwenda wapi. Na ikikugomea jukwaani, ichomoe, piga kavu, uinue kichwa. Hilo la mwisho hulisema kwa ukali kiasi kwamba vijana hutazamana. Wimbo wa ghala la chumvi hatuupigi. Mwimbaji mpya aliwahi kuuomba, Bok akamwambia hauimbiki.

Dada Tsu alirudi dukani kwake. Kwa kuwa hawezi tena kuita wateja, hugonga ukingo wa sufuria kwa upawa, na watu wamezoea. Bok hula uji pale kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye mashua, hukaa meza ya karibu na jiko. Wanaongea mambo ya bei ya samaki na mvua. Huwa najikuta nasubiri mmoja wao aseme kitu.

Kuna asubuhi ya mvua kubwa, dukani tulikuwa sisi watatu tu. Bok aliweka kijiko chini.

"Dada Tsu," alisema, "siku ile kama ningeinua kichwa..."

Dada Tsu alikuwa amesimama na upawa mkononi, akimtazama. Alingoja. Nami nilingoja na kijiko changu hewani. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na sauti ya Dada Tsu ilipotoka ilibidi niisome midomoni.

"Kula," alisema. "Inapoa."

Bok akachukua kijiko, akala.